Ugonjwa Nilioutoa Matangani

Mwanangu Mulongo,

Umeenda kusukwa nywele, na ninajua mkono wa yule msusi wako, hutarudi kabla ya giza. Kwa hivyo nina jioni nzima ya kukaa na karatasi hii. Sanduku lako limefungwa. Mambo ya blanketi, ya sabuni, ya kanisa gani uende huko Bungoma, sitayaandika. Nimeyasema mpaka jana ukaniambia, "Mum, si ulishasema hiyo?" Kweli nilishasema. Kuna moja ambalo sijalisema kwa miaka kumi na tisa, na ndilo limenikalisha hapa.

Barua hii nitaiweka juu ya kitanda chako, si ndani ya sanduku. Nataka uisome nikiwa ningali humu ndani, ukiwa na swali uniulize uso kwa uso. Nimekuwa mwoga vya kutosha.

Juzi nilikusikia ukiongea na rafiki yako kwa simu. Ulikuwa unacheka. Ulisema, "Aki mi kwa huyo anti nitakuwa nakula kwa room na mlango nimefunga. Ati aniangalie nikimeza? Siwezi jaribu." Nilikuwa jikoni nikikata sukuma wiki, nikashindwa kuendelea. Hukukosea wewe. Mimi ndiye niliyekufundisha. Tangu ukiwa mdogo nimekuambia kwamba shangazi yako, dada ya baba yako, ana jicho: akimtazama mtoto akila, tumbo la mtoto linaharibika. Ukimwona barabarani ficha mandazi yako. Usipokee kitu mkononi mwake. Sasa chuo kimekuita Bungoma kusomea ualimu wa chekechea, na katika ukoo wote ni yeye peke yake aliyetuma neno kwamba chumba kipo. Unaenda kuketi kwenye meza ya mtu niliyekufundisha kumwogopa.

Shangazi yako Nasimiyu hana jicho. Hakumuua pacha wako. Aliyeleta ugonjwa katika nyumba hii ni mimi, na nimelijua hilo kwa miaka sita nikanyamaza.

Sasa nikueleze tangu mwanzo.

Mlikuwa na miezi kumi na moja. Mukhwana ndiye aliyetangulia kuzaliwa, wewe ukafuata, ndiyo maana mkapewa majina hayo. Yeye alikuwa mwembamba na mpole, wewe ulikuwa mnene na mwenye kelele, na nyanya yenu alikuwa akisema ulimla mwenzako tumboni. Ni mzaha tu wa mama mkwe, lakini ona jinsi katika familia hii mtu hachelewi kusema nani amemla nani.

Mjomba wangu alifariki kule Kimilili. Niliwaacha na nyanya yenu nikaenda matanga. Unayajua matanga yetu: wanawake tunapika tangu alfajiri, na wakati wa kula beseni moja la maji linapita kwenye mstari mzima, kila mtu anatumbukiza mikono, na wa mwisho ananawa mchuzi. Kuna mama mmoja tuliyekuwa tukikata nyama naye ambaye alikuwa akienda choo kila mara, anarudi, anaendelea kukata. Tulimcheka. Mimi pia nilicheka.

Nilirudi nyumbani hapa Kiminini Jumapili. Jumatatu kabla ya jua kutoka tumbo likaanza. Nilitapika, nikaharisha, nikatapika tena, mpaka saa sita mchana sikuwa na kitu ndani. Kufikia Jumanne nilikuwa mzima, kidogo tu miguu haina nguvu. Na nilificha. Unajua niliificha kwa nini? Kwa sababu nyanya yako alikuwa na hadithi ya mke wa jirani aliyerudi matangani akiharisha, watu wakasema ni ulafi wa nyama ya msiba, akabandikwa jina la "Nyama ya Wafu", na jina hilo likamfuata mpaka kaburini. Mimi nilikuwa mke wa mwalimu. Nilisema ni malaria. Hata vidonge vya kichwa nilimeza mbele yake ili uongo wangu uwe na ushahidi.

Sikiliza sehemu hii vizuri, kwa sababu hapa ndipo penye kosa. Sabuni ilikuwa ndani ya nyumba, karibu na kiti cha nyanya yako. Kila nikitoka choo, kama ningeingia kuichukua, angehesabu safari zangu. Kwa hivyo nilikuwa nikijimwagia maji ya mtungi haraka haraka, najipangusa kwa leso, basi. Kisha kwa mikono hiyo hiyo niliwapondea ndizi. Uji wenu niliuonja kwa kijiko kile kile nilichowalishia, kama nilivyofanya siku zote, ili usiwachome.

Jumatano shangazi yako akaja kutoka Bungoma kunisaidia na mapacha. Alikuwa msafishaji katika zahanati moja huko. Alileta sweta mbili alizozifuma mwenyewe. Alikuwa ameolewa na kuachwa kwa kukosa mtoto, na aliwapenda nyinyi kwa namna ambayo mpaka leo nikiikumbuka naona aibu. Alhamisi asubuhi Mukhwana akatapika.

Unaona jinsi ilivyopangika? Mgeni Jumatano, ugonjwa Alhamisi. Ni nani angeikumbuka Jumatatu, na mwenye Jumatatu yake amefunga mdomo?

Ijumaa wewe pia ulianza, lakini Mukhwana alikuwa amezidiwa zaidi. Macho yalizama. Shangazi yako alimfinya ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama. Akaniambia, "Wifi, huyu mtoto amekauka. Ona, analia na machozi haitoki. Tangu jana nepi haijaloa. Si twende hospitali Kitale?"

Nilimwambia nitaenda. Sikuwa na nia. Nilijua nesi atauliza, "Nani mwingine aliharisha kwa hii nyumba?" na nyanya yako atakuwa ameketi pale pale. Kisha jirani mmoja akaja kwenye ua, akamtazama mtoto, akanivuta kando. "Hiyo si ya hospitali, bana. Hiyo ni jicho. Kuna mama huko Kwanza anachua, anatoa yote." Mulongo, nilifurahi. Nakuambia ukweli wangu wote: nilifurahi kusikia kwamba ni jicho, kwa sababu jicho haliulizi maswali ya choo.

Baba yako alikuwa safarini kusimamia mitihani. Nilimfunga Mukhwana mgongoni, nikakuacha wewe kwa shangazi yako. Wakati huo sikuwa na ubaya naye wowote. Kufika huo mji wa Kwanza lazima upite Kitale mjini. Nilipita mbele ya lango la hospitali nikienda, na nikapita tena nikirudi.

Yule mama wa Kwanza aliniuliza maswali mawili. "Nani amekuja kwako hii wiki?"

"Wifi yangu."

"Ako na watoto?"

"Hapana."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyempata mwenye jicho. Alimpaka mtoto samli na majani, akamchua tumbo, akamchanja chale mbili ndogo juu ya kitovu. Akasema asionje maji wala ziwa mpaka jua lishuke, kwa sababu maji ndiyo yanayolisha kuhara. Mukhwana alilitafuta ziwa langu kwa mdomo, akageuza kichwa huku na huku, maziwa yakaloanisha gauni langu mpaka kiunoni, na mimi nikamnyima. Mengine yote naweza kuyasema kama mtu anayesimulia habari za mwingine. Hilo siwezi. Sijajisamehe na sikuombi unisaidie kujisamehe.

Jua liliposhuka nilikuwa Kitale. Niliketi kwenye jiwe kando ya barabara nimfungue nimnyonyeshe, nikakuta ameshakwenda. Lango la hospitali lilikuwa ng'ambo tu ya barabara.

Nilipofika nyumbani shangazi yako alikuwa ameketi mkekani na wewe mapajani, kikombe na kijiko mkononi. Alikuwa amechemsha maji, akayapoza, akatia sukari na chumvi jinsi alivyoona wakifanya kule zahanati, na tangu asubuhi alikuwa akikupa kijiko kimoja kimoja. Ukitapika anangoja kidogo, anaanza tena. Ulikuwa umekojoa mara mbili na alitaka kuniambia hilo. Ndilo neno la kwanza alilosema: "Huyu amekojoa." Mimi nilipiga kile kikombe teke. Mbele ya nyanya yako na majirani waliokuwa wamejaa uani nilisema, "Umemla mmoja, na huyu unamlisha nini?"

Mdomo ni wangu, hakuna aliyeniwekea maneno hayo.

Kwa hivyo wewe ulipona kwa mkono wake, na kupona kwako kukafanywa ushahidi wa kumhukumu. Watu walisema, "Si alimwacha huyu kwa sababu alishiba yule mwingine?" Baba yako aliporudi nilimweleza kama nilivyoelewa kule Kwanza. Alilia siku mbili, kisha akamwambia dada yake asikanyage tena hapa. Habari ilitembea haraka. Kule Bungoma wanawake walianza kuwafunika watoto wao akipita. Hakuna aliyemwita tena kwenye arusi wala kumpa mtoto mchanga ashike. Wewe mwenyewe ulikuwa darasa la tatu ulipomkimbia sokoni ukipiga mayowe, ukaja kunieleza, na mimi nikakusifu.

Miaka sita iliyopita nikachaguliwa kuwa mhudumu wa afya wa kijiji. Unakumbuka tulivyofurahi, ile jaketi na ule mkoba. Siku ya pili ya mafunzo kijana mmoja daktari alitufundisha habari za virusi vya tumbo. Alisema ni vidogo visivyoonekana, na kiasi kidogo sana kinatosha kumwangusha mtu; vinatoka kwa kinyesi na matapishi, vinaingia kwa mdomo, na njia yao kubwa ni mkono. Alisema kutoka kuvipata mpaka kuugua ni siku moja, mbili, hata tatu. Kisha akasema, "Mtu akipata nafuu, hajamaliza. Bado anavitoa siku nyingi, hata wiki mbili. Asipikie watu mpaka siku mbili zipite tangu tumbo litulie, na hata baadaye sabuni isimwache."

Nilihesabu kwa vidole chini ya dawati. Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Nilihesabu tena nikianzia mwisho.

Mama mmoja nyuma yangu akauliza, "Sasa daktari, unampatia maji ya nini, na yote inatoka?" Akajibu kwamba hakuna dawa ya kuviua, hata zile kali tunazonunua dukani bila karatasi ya daktari hazivigusi, mwili wenyewe hupigana na kushinda ndani ya siku chache, ila upewe maji ya kupigania. Kinachowaua watoto ni kukauka. Ndiyo maana mtoto anapewa ile chumvi ya pakiti, kijiko kwa kijiko, na ziwa halikatizwi hata saa moja. Siku hizi pia kuna vidonge vya zinki, na watoto wachanga wanapata matone ya chanjo ambayo nyinyi hamkuyakuta. Akichora ubaoni mtoto aliyekauka, alichora yale macho, na nikaomba ruhusa ya kutoka nje.

Jioni hiyo baba yako aliniuliza, "Haya daktari, leo mmefunzwa nini?"

Nikamwambia, "Kunawa mikono."

Akacheka sana. Tukala.

Hapo ndipo ningesema. Nilikuwa na siku elfu za kusema baada ya hiyo, na kila siku ilikuwa ngumu kuliko jana yake. Niliingia nyumba za watu kutoka hapa mpaka mtoni nikiwafundisha mama wachanga habari za sabuni, na wao wananiambia asante mwalimu, na mimi namwacha mwanamke asiye na kosa avae kosa langu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliyaficha, na kifo hakikuniumbua mimi, kilimuumbua wifi yangu.

Baba yako alipofariki mwaka juzi, unakumbuka umati. Nilikuwa nimeketi mbele karibu na jeneza nikamwona Nasimiyu amesimama nje ya ua, barabarani, na leso nyeusi. Kaka yake wa pekee alikuwa anazikwa na yeye anaangalia kupitia kwa michongoma. Wakati huo nilikuwa najua kila kitu. Ningeinua mkono tu, watu wangempisha. Niliinamisha kichwa kama mjane mwenye uchungu, na nilipokiinua alikuwa ameenda.

Usinihurumie hapo. Nakuandikia ili ujue unatoka nyumba ya namna gani.

Wewe utapewa darasa la watoto wadogo. Siku moja mmoja atatapika mkekani, kesho yake watatu. Yale ya kufanya utafundishwa: kuwaondoa wengine, kuvaa glavu, kupangusa kwa dawa ya klorini na si maji matupu, kuwanawisha kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa sababu ile dawa ya kupaka mikononi haitoshi kwa wadudu hao, na kumweka mtoto nyumbani siku mbili baada ya kupona. Hayo yapo vitabuni. Lisilokuwapo ni hili: mama wa yule mtoto wa kwanza atakuwa anaficha. Atasema ni meno, ni malaria, ni chakula cha kwa jirani. Usimuulize mbele ya watu, na usiulize na uso uliokunjwa. Mwambie kwanza kwamba wewe pia tumbo limewahi kukushika, kila mtu limemshika, ndipo umuulize nani mwingine nyumbani ameugua na tangu lini. Mimi kama kuna mtu angeniuliza hivyo ile Jumatatu, nafikiri ningejibu. Sina hakika, lakini nafikiri.

Na ukisikia watu wamempata mwenye kosa upesi, mtu mmoja tu, asiye na mume au asiye na mtoto au mgeni wa kabila lingine, uwe na shaka. Nimeishi ndani ya jambo hilo. Linawaliwaza sana wanaolisema.

Jumamosi iliyopita, nilipokuambia nimeenda mkutano wa wahudumu, nilienda Bungoma. Nilimkuta Nasimiyu akichagua maharagwe kwenye ungo. Amezeeka, Mulongo. Nilimweleza kila kitu nikiwa nimesimama mlangoni, tangu matanga ya Kimilili mpaka hesabu ya vidole. Hakuacha kuchagua maharagwe.

Nilipomaliza akasema, "Mimi nilijua si mimi. Nilikuwa nangoja tu kusikia kwa mdomo yako."

Nikamwambia nisamehe.

Akaniuliza, "Na kaka yangu? Alikufa akijua?"

Nikasema hapana. Sikuwahi kumwambia.

Hapo ndipo akaacha maharagwe. Akasema, "Ya mtoto ulikuwa hujui, hiyo nimeachia Mungu. Lakini hii ya kaka yangu ulikuwa unajua, wifi. Alienda akiniona mchawi, na wewe ulikuwa unajua." Akasukuma ungo kando, akaendelea: "Mtoto aje. Chumba nimeosha. Lakini wewe usilale hapa kwangu. Kunywa chai, halafu uende."

Jumapili ijayo nitasimama kanisani niyaseme haya kwa jina langu, mbele ya wale wale waliosikia yale ya kwanza. Nimeshamwambia mchungaji ili nisipate njia ya kurudi nyuma. Baadhi watanitoa kwenye kamati ya kanisa, baadhi watasema Nasimiyu amenilogea ulimi. Najua watu wetu. Ukisikia huko uliko kwamba mama yako ameaibika, ni kweli, na ilipaswa iwe zamani.

Sasa kuna jambo moja nakuomba, na baada ya hapo uko huru kunichukia mpaka utakapochoka.

Alinimiminia chai, akaniwekea viazi vitamu, kisha akachukua kiti chake akakigeuza, akaketi akitazama ukuta. Nilidhani ni hasira. Si hasira. Ndivyo anavyofanya mtu yeyote akila mbele yake, miaka yote hii, ili asilaumiwe. Alikaa hivyo, mikono mapajani, mpaka aliposikia nimeweka kikombe chini. Nilikunywa ile chai yote nikiangalia mgongo wake, na sikuthubutu kumwambia ageuke, maana si mimi mwenye haki ya kumwambia.

Ni wewe mwenye haki hiyo. Kesho jioni atakupakulia chakula, kisha atageuza kiti. Usile. Mwite shangazi, umngoje ageuke akutazame, ndipo uanze. Asipokubali siku ya kwanza, lala na njaa, umwite tena kesho yake.

Mama yako,
Nanjala